Mirija ya Wageni

Honda nyekundu ilikuwa mbele. Land Rover ilikuwa nyuma yake, na pengo lilizidi kupungua.

Mbele zaidi kulikuwa na daraja la Rusumo. Ng'ambo ya daraja ni nchi ya watu, na huko mkono wa Idara ya Usalama haukufika.

Luhende alikanyaga mafuta. Kona. Vumbi. Kona nyingine. Mwendesha pikipiki alikuwa amelala juu ya tangi, koti la mvua likimpepea mgongoni ingawa mbingu ilikuwa kavu tangu kulipokucha.

Mngurumo wa maporomoko ulianza kusikika.

Luhende alitoa mkono wa kulia nje ya dirisha, Makarov ikiwa kiganjani. Risasi ya kwanza ilipiga mwamba. Ya pili ilipata gurudumu la nyuma.

Honda ikayumba kama mlevi wa sikukuu, ikaruka ukingo wa barabara, ikatumbukia korongoni.

Luhende alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akafunga dirisha ili vumbi lisiingie. Ndipo akashuka. Mtu yule alikuwa amelala chali, shingo ikiwa imegeuka upande ambao shingo haigeukii. Luhende alimgusa mshipa. Hakuna kitu.

Hakuona huruma, wala hasira, wala furaha. Tangu Novemba moyo wake ulikuwa umeingia ganzi kama mguu uliokaliwa, na hakuwa na haja ya kuuamsha. Kazi ilikwenda vizuri zaidi hivyo.

Katika mfuko wa marehemu mlikuwa na kopo la maziwa ya unga, glovu za mpira, na waya mrefu mwembamba uliozungushiwa pamba nchani. Wa kusafishia bunduki, Luhende aliwaza. Akautupa kwenye kiti cha nyuma.

Kopo lilikuwa tupu.

Hilo ndilo lililokuwa baya. Honda haikuwa inakimbia na mzigo. Ilikuwa imeshaushusha.

Alichukua redio yake aina ya National na kuiweka kivulini, chini ya gari. Ni redio ambayo mwenye duka yeyote wa Biharamulo angeipangia bei bila kufikiri mara mbili. Lakini ukifungua kifuniko cha betri, huoni betri. Unaona vipande viwili vya fuwele, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vimepakwa dhahabu pande zote mbili. Ukivipitishia umeme vinatetemeka, mamilioni ya mara kwa sekunde, na tofauti ya mitetemo yao unaisikia kwenye kisikilizio kama mluzi.

Kipande kimoja kilikuwa kitupu, cha kulinganishia, ili joto la jua lisije likadanganya. Kipande cha pili ndicho kilichokuwa na siri. Mkemia aliyekiunda, mama mmoja mkali anayeitwa Domisiana, alimweleza Luhende huku akivuta Sportsman ndani ya maabara ambamo kuvuta sigara kumekatazwa.

"Sungura ukimzoesha sumu kidogo kidogo, damu yake inatengeneza kingamwili," alisema. "Kila mmoja anaijua sura ya adui mmoja tu. Hao ndio nimewapaka juu ya dhahabu. Sumu ikipita, wanaikamata. Fuwele inakuwa nzito kwa uzito ambao hakuna mzani wa sokoni unaoweza kuuona, mtetemo unapungua, na mluzi unashuka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi elewa na hili. Ikishaikamata haiachii. Kipande kilichokamata kimekwisha kazi. Na vyenye kingamwili nimeweza kukutengenezea viwili tu, hicho kilichomo na kimoja cha akiba."

Luhende alisuuza kopo kwa maji safi, akadondosha tone moja juu ya kipande chenye kingamwili, akavaa kisikilizio. Mluzi ulikuwa mwembamba na umenyooka. Kisha ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka, ukatulia chini kabisa.

Sumu.

Alikitoa kipande kile, akakitupa, akaweka cha mwisho. Akawasha Racal, redio ya mawasiliano ya ndani ya gari.

"Kanga, huyu ni Mbega. Tarishi amekufa. Mzigo umeshafika. Ova."

Sauti ya Eufrazia ilikuja kutoka Biharamulo, kavu, isiyo na usingizi. Eufrazia alikuwa mkuu wake. Alikuwa na simu mbili na ramani moja ya vita vya Kagera, ya mwezi huo wa Januari 1979, na hakuwahi kuuliza mtu hali yake.

"Honda ilionekana Murukulazo alfajiri. Kombania ya mgambo inatoka kambini Keza kwenda vitani. Mchana inasimama kijiji hicho cha Murukulazo kuagwa kwa pombe. Umenipata? Ova."

"Nimekupata. Nani mpishi?"

"Odeta. Mkimbizi wa kutoka Burundi. Pima pombe. Fuwele ikisema ndiyo, mmalize mpishi. Kombania nzima, Mbega. Wakianguka hao, hakuna kijana wa wilaya hii atakayepanda lori tena. Ova na kwisha."

*

Kijiji cha ujamaa cha Murukulazo kilikuwa na nyumba zilizopangwa mstari, shamba la kijiji la mahindi, na ofisi yenye bendera. Luhende aliingia kwa miguu, redio begani, bisibisi mfukoni. Fundi redio hana adui. Hata mtu asiyempenda mtu yeyote anataka kusikia taarifa ya habari.

Katibu wa kijiji alimlaki kwa mikono miwili. Aliitwa Protasi, mnene kidogo, suti ya Kaunda imepigwa pasi, cheko tayari mdomoni.

"Karibu ndugu fundi! Mungu kakuleta. Redio ya ofisi imekuwa bubu tangu juzi, na leo tuna ugeni wa wapiganaji."

"Nitaitazama, ndugu katibu. Ila nina kiu."

"Kiu!" Protasi alicheka. Kwapani alikuwa na mafungu ya mirija mipya ya matete, iliyokatwa sawasawa na kufungwa kwa kamba ya mgomba. "Zawadi ya kijiji kwa vijana wetu. Nenda kwa Mama Bukuru, nyumba ile ya mwisho. Mwambie katibu kakutuma. Na hili fungu moja umpelekee, mimi haya mengine nayapeleka uwanjani."

Luhende alilipokea. Alilibeba kama mtu anayebeba kuni za jirani, wala hakulitazama mara ya pili.

Yeye alikuwa Msukuma wa Shinyanga. Kwao pombe inanywewa kwa kibuyu. Kibuyu kinazunguka, mtu anapiga funda, anafuta mdomo, anampa mwenzake. Mrija kwake ulikuwa kijiti tu.

Mama mwenyewe, Odeta, alikuwa uani, amechutama mbele ya mitungi mitatu ya pombe ya mtama. Alikuwa mwembamba, kitenge kimekazwa kiunoni, nywele zimeanza mvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kalibu. Nani amekutuma?"

"Katibu. Kaleta na hii."

"Ah, imiheha, mirija ya wageni. Weka hapo." Alionyesha ukutani kwa kidevu, kama watu wa kwao. "Leo siwezi kukupa pombe mpaka askari wafike. Kijana wangu yuko ndani yao. Bukuru. Hii nimempikia yeye. Hao wengine wanasaidia tu."

Alicheka kwa maneno yake mwenyewe. Luhende hakucheka.

Akaweka National kivulini, akafungua kifuniko. Akachovya kijiti cha kioo katika mtungi wa kwanza, akadondosha tone.

"Unafanya nini na pombe yangu?"

"Naangalia kama imeiva, mama."

"Redio inajua pombe?" Odeta alishika kiuno. "Mimi nimepika tangu sijaolewa, sasa Serikali inanitumia redio."

Mluzi ulinyooka. Haukushuka. Akasuuza, akapima mtungi wa pili. Mluzi uleule. Wa tatu. Vilevile. Akapima maji ya pipa, unga wa kimea, chombo cha kuchotea, hata maji aliyonawia Odeta mikono. Mluzi ulikaa palepale, mwembamba, kama uzi uliokazwa.

Vijana wawili wa kijiji waliingia wakabeba mitungi miwili kuipeleka uwanja wa shule. Luhende aliwaacha. Pombe ilikuwa safi.

Alizunguka nyuma ya nyumba, akatoa redio ndogo ya mkononi.

"Kanga. Fuwele kimya. Pombe safi. Ova."

"Fuwele inaweza kukosea?"

"Kila kitu kinaweza kukosea."

"Kopo tupu halikosei. Sumu iko hapo kijijini. Luteni Malongo wa hiyo kombania anasema malori yanamaliza kilima cha mwisho. Sina muda wa kubahatisha, Mbega. Mwaga iliyobaki na mmalize mpishi. Kikulacho ki nguoni mwako. Ova."

Luhende alitazama migomba. Upepo ulikuwa unaichezea bila haraka.

"Nimekupata," alisema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuuliza. Hakubisha. Mtu mwingine angepata japo donge kooni. Yeye alipata tu wazo kwamba risasi zilizobaki ni sita, na kwamba moja ingetosha.

Alirudi uani na Makarov mkononi. Odeta aliinua macho. Aliona bastola, akaona na uso uliokuwa nyuma yake, na ilionekana wazi kwamba uso ndio uliomtisha zaidi.

"Ee Mungu wangu. Nimefanya nini?"

"Wanasema umetia sumu."

"Mimi? Kwenye pombe ya mtoto wangu?"

"Kunywa nikuone."

"Nitakunywa! Kwani pombe inaniogopesha?" Hasira ilikuwa imeshapanda juu ya woga. "Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza, hata kama mgeni ni shemeji yake. Ungengoja tu ungeona."

Alisimama, akanyoosha mkono juu kwenye nyasi za paa, akachomoa mrija wake. Ulikuwa wa zamani, umekuwa mweusi kwa miaka na kwa moshi, umelainika pale meno yalipozoea kuuma. Akauchomeka mtungini, akavuta, akameza, akamtazama machoni.

Bastola haikushuka. Lakini kitu kilimgonga Luhende kichwani.

"Kwa nini hukuchukua mmoja wa hii mipya?"

"Hiyo? Hiyo ni ya wageni."

"Na wewe?"

"Mimi nina wangu. Kila mtu mzima ana wake. Mtu hanywi kwa mrija wa mwenzake, hiyo ni aibu, ni kama kuazima mswaki. Mgeni aliyekuja bila wake ndiyo anapewa." Alishangaa. "Kwenu hamjui?"

Luhende alikuwa hajui.

Mwenyeji anaonja kwanza kwa mrija wake, mbele ya watu wote, na hafi. Wazee wa kijiji wananywa kwa mirija yao, na hawafi. Askari wa kambini hawabebi mirija vitani. Wao ndio wageni.

Na waya mrefu mwembamba, wenye pamba nchani, haukuwa wa bunduki. Ulikuwa wa kupakia sumu ndani ya mrija.

Alivuta mrija mmoja kutoka katika lile fungu, akapitisha maji ndani yake, akadondosha tone juu ya kipande cha mwisho. Akavaa kisikilizio.

Mluzi ulianza kushuka.

"Mama Bukuru," alisema, "usiguse hiyo mirija."

Kutoka upande wa shule ilisikika ngurumo ya lori la Bedford, moja, kisha nyingine, kisha watoto wakishangilia.

Luhende alikimbia.

*

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Askari wameshuka, wamekaa makundi mawili kuzunguka mitungi miwili, SMG mapajani. Vijana tupu hawa. Wengine walikuwa hawajazoea buti, wamezilegeza kamba. Protasi alikuwa katikati, jasho la furaha usoni, anagawa mirija mkono kwa mkono.

"Kila mmoja na wake, wanangu! Msigombane!"

Aliinamia mtungi wa kwanza na mrija wake mwenyewe, akavuta funda refu, akanyoosha mikono aonekane. Watu wakapiga makofi. Mwenyeji ameonja.

"Karibuni sasa!"

Vichwa viliinama.

Luhende alikuwa bado mbali, na sauti ya mtu mmoja haiwezi kushindana na makofi ya kijiji. Alipiga goti. Akashika Makarov kwa mikono miwili.

Risasi.

Mtungi wa kwanza ulipasuka. Pombe ikawamwagikia askari magotini.

Risasi.

Wa pili.

Wanawake walipiga ukelele. SMG zikainuka zote kwa pamoja zikamtazama yeye. Luhende alifungua vidole, akaacha bastola ining'inie kwenye kidole kimoja, na kwa mkono wa pili akainua kitambulisho chenye ukanda mwekundu.

"Toeni mirija mdomoni!" alisema. "Itupeni chini! Sumu iko kwenye mirija!"

Luteni Malongo alikuwa mrefu, ndevu chache, macho ya mtu asiyelala. Alitazama kitambulisho. Akatazama askari wake.

"Tupeni!" alifoka. "Nani amevuta? Nani amemeza?"

Hakuna aliyemeza. Kijana mmoja mwenye masikio makubwa alikuwa bado ameshika mrija karibu na mdomo, kama aliyesahauliwa hapo. Askari mwenzake akaupiga kofi ukaanguka.

"Bukuru, wewe! Huna masikio na hayo yote?"

Protasi alikuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua, cheko bado liko mdomoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuliondoa. Kisha akageuka, mkono ukaingia ndani ya suti, ukatoka na Beretta.

Alifyatua. Risasi ikapita hewani karibu na sikio la Luhende.

Luhende alifyatua mara moja. Protasi alizunguka, akakaa chini, akashika bega. Damu ilianza kutoka katikati ya vidole, ikachafua pasi yote ile.

"Nani kakutuma?" Luhende alisimama juu yake.

"Waliniahidi mkoa," Protasi alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Vita ikiisha upande wao, mkoa mzima ni wangu. Ungefanya nini, ndugu fundi?"

"Ningetengeneza redio."

Askari wawili walimwinua. Protasi alimtazama Luhende, na ingawa alikuwa katika maumivu, kitu cha zamani kilirudi usoni pake, kile cha mtu anayejua kuendesha mkutano.

"Na mtungi wa tatu je?" aliuliza kwa sauti, ili kijiji kisikie. "Uko kwa mama yule peke yake sasa. Mmeuacha. Mnadhani nilifanya kazi hii bila mpishi?"

Kijiji kilisikia.

Odeta alikuwa amefika uwanjani, anahema, kitenge kimemlegea. Watu waliokuwa karibu naye walisogea. Hakuna aliyewaambia. Walisogea tu, mmoja, wawili, mpaka akabaki amesimama peke yake katikati ya nafasi tupu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua pombe kwake kila Jumapili alitema mate chini.

"Mrundi huyo," mtu alisema. "Tulijua."

Bukuru alitaka kwenda kwa mama yake. Luteni alimshika bega.

Luhende alipokea mwito redioni.

"Mbega. Nimesikia kutoka kwa Luteni. Vizuri. Na mpishi? Ova."

"Hana hatia."

"Una hakika? Pima mtungi uliobaki."

"Fuwele imekwisha."

"Basi huna hakika." Mikwaruzo ya mawimbi. "Amri iko palepale. Sitaacha nyuma mtu nisiyemjua. Ova."

Luhende alizima.

Angeweza kumwacha. Luteni angemchukua, lori lingeondoka, na njiani mahali fulani pangesikika mlio mmoja. Hata kama Eufrazia angebadili nia, kijiji kisingebadili. Mpishi wa pombe aliyenyooshewa kidole cha sumu hana pa kuishi. Atahama, na jina litamtangulia kila atakapofika. Naye Luhende ndiye aliyelitia jina hilo hewani, alipopasua mitungi mbele ya watu wote.

"Leteni mtungi wa tatu," alisema.

Walikwenda, wakarudi nao, wameubeba kwa mbali kama wanabeba nyoka. Waliuweka chini wakaruka nyuma.

"Nani alikuwa karibu nao tangu nilipotoka?" Luhende alimuuliza Odeta.

"Sijui, mwanangu. Nilikukimbilia wewe." Alikuwa analia sasa bila kujificha. "Sijui nani ameingia. Siwezi kukudanganya, sijui."

Luhende aliguna. Mtu mwongo angesema hakuna aliyeingia.

"Nipeni kibuyu."

"Afisa," Luteni Malongo alisema taratibu, "tuimwage. Yaishe."

"Ikimwagwa haitaisha."

Kibuyu kilikuja. Luhende aliinamisha mtungi, akajaza. Akanyanyua, akanywa kama wanavyokunywa kwao Shinyanga, funda kwa funda, mpaka akaona kitako cha kibuyu. Akafuta mdomo kwa kiganja. Akaketi juu ya gogo.

"Sasa tungoje," alisema.

Mama Domisiana alikuwa amemweleza jinsi sumu hiyo inavyomla mtu. Kwanza ulimi unakuwa mzito. Kisha kope zinaanguka zenyewe. Kisha pumzi inasahau kazi yake. Haichukui muda mrefu, na haina dawa.

Uwanja mzima ulimtazama. Jua lilikuwa kali. Kuku alipita katikati ya askari, akanywa pombe iliyomwagika, akaendelea na safari yake.

Odeta alikuja akachutama karibu na gogo. Hakuna aliyemzuia. Hata aliyekuwa anamchukia alitaka kuona.

"Uliniwekea bastola kifuani," alisema kwa sauti ya chini, "na mkono wako haukucheza hata kidogo. Hata jambazi anatetemeka. Nani amekufia?"

Luhende alitaka kusema hakuna. Aliujaribu ulimi. Ulikuwa mwepesi bado.

"Mke wangu," alisema. "Felisita. Alikuwa nesi kwenye zahanati, ng'ambo ya mto Kagera. Walipovamia, alibaki na wagonjwa."

"Mlimzika?"

"Hatukumwona."

Odeta alitikisa kichwa. Hakusema pole. Kwa mtu aliyevuka mpaka mwaka wa sabini na mbili na mtoto mmoja kati ya wanne, pole ni neno dogo sana. Alikaa tu hapo, bega lake karibu na goti la mtu aliyetaka kumuua.

Na hapo, katikati ya kungoja, kope la kushoto la Luhende lilicheza.

Lilicheza tu, kama kope la mtu yeyote aliyekimbia juani. Lakini moyo wake uliruka. Jasho baridi likamtoka mgongoni. Mikono ikashika gogo. Hakutaka kufa. Alishangaa, maana kwa miezi miwili alikuwa akiamini kwamba hajali, na mara zote alikuwa amekitembelea kifo kama mtu anayeingia dukani bila nia ya kununua. Sasa aliogopa, aliogopa kwelikweli, na woga huo uliuma kama damu inavyouma inaporudi kwenye mguu uliokufa. Pamoja na woga likaja jina la Felisita, na likauma zaidi.

Hakuinua uso. Aliuma meno na kungoja.

Kope lilitulia. Pumzi iliendelea kuingia na kutoka. Jua lilisogea mpaka kivuli cha mlingoti wa bendera kikafika kwenye mtungi.

Kisha kijana mwenye masikio makubwa alijinasua mkononi mwa Luteni, akaja, akaokota kibuyu. Akajaza. Akanywa. Akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili, kama anavyostahili kukabidhiwa mzazi, na Odeta akanywa pale pale alipochutama.

Mzee mmoja wa kijiji alikohoa. Akasogea na mrija wake mkongwe. Akafuata wa pili. Yule mwanamke aliyetema mate alibaki amesimama kitambo, kisha naye akaja, akichungulia mtungini kana kwamba alichokuwa akikitafuta ni nafasi tu.

"Pombe yake nzuri," Luhende aliiambia Racal baada ya kulileta gari hadi ukingoni mwa uwanja. "Mpishi hana hatia. Nimepima mwenyewe. Ova."

Mawimbi yalikwaruza.

"Umepima na nini?" Eufrazia aliuliza. "Ulisema fuwele imekwisha."

"Nimepima. Andika hivyo."

Huko Biharamulo kalamu ilisikika ikiandika.

"Nimeandika. Kuna kazi Rusumo. Unaweza kuendesha?"

Kwenye uwanja malori yalikuwa yanawashwa. Bukuru alikuwa juu ya la kwanza, na mama yake alikuwa chini anamkazia kamba za buti kupitia ubao wa pembeni, akimgombeza kwa Kirundi mbele ya wenzake wote. Luhende aliwatazama mpaka lori lilipoondoka na kamba ikamponyoka mikononi.

Macho yalikuwa yamemlowa. Aliyaacha yakauke yenyewe.

"Naweza," alisema. "Nipe dakika chache. Kwisha."

Akavaa miwani ya jua, akawasha Land Rover, akaondoka polepole asiwarushie watu vumbi.